Nyumba inakutesa? Kagua kiwanja kabla hujamlaumu fundi

Wakuu, kazi yangu ni kuchora na kusimamia nyumba za watu, sana sana Dar na Pwani, mara moja moja na mikoani, na malalamiko ninayopigiwa simu karibu yote yanafanana. Ndani joto, ukuta unatoa chumvi, maji yanaingia, kuna ufa umetokea, usiku hapalaliki. Mtu akishaona hivyo cha kwanza ni kumtukana fundi, cha pili kununua kiyoyozi, cha tatu kupaka rangi upya. Fundi kweli kuna mahali anaharibu sikatai, ila mara nyingi nikifika nakuta tatizo lilianza siku ramani inachaguliwa kwenye simu, picha kali ya nyumba kutoka sijui nchi gani, ikapachikwa kwenye kiwanja ambacho mchoraji hajawahi hata kukikanyaga. Hajui jua linazamia wapi, upepo unatokea wapi, maji ya jirani yanapita wapi, udongo ni wa aina gani. Sasa nyumba ishasimama, hatubomoi, tunatafuta chanzo na kurekebisha panaporekebishika.

Kabla ya yote fungua kampas ya simu, simama katikati ya sebule, chora umbo la nyumba kwenye karatasi na uandike kaskazini iko wapi. Usikadirie kwa akili. Watu wanaishi nyumba miaka kumi wanakwambia "mbele ni mashariki" kumbe ni kusini kabisa. Bila hicho kikaratasi mengi ya hapa chini yatakuwa ya kubahatisha.

DALILI: Ndani panawaka, feni inazungusha joto tu

Hili ndo kubwa kwa watu wa Dar, Tanga, Zanzibar mpaka Mombasa, hasa Desemba mpaka Machi. Joto linaingia au linakwama kwa njia tatu, paa, ukuta, na hewa kukosa pa kutokea, na ukitibu njia isiyo yenyewe umetupa hela. Kipimo ni mkono wako. Saa nane mchana panda kiti uguse silingi. Saa tatu usiku gusa kuta za nje kwa ndani, moja moja, kuanzia ya magharibi.

Silingi ya moto mchana alafu usiku imepoa, hilo ni paa. Bati linachemka, hewa iliyo kati ya bati na gipsam inachemka, na kama fasia (ubao wa ukingoni mwa paa) imezibwa kotekote hamna hata tundu, joto lote linashuka kwako. Na hizi bati nyeusi za fasheni zisizong'aa ndo zinaongeza, maana rangi nyeusi inameza jua na nyeupe inalirudisha, hapo hamna siri. Dawa ni kuipa hewa ya darini njia: matundu yenye nyavu chini ya paa linapotokeza nje, pande mbili zinazotazamana, na tundu lingine juu kwenye kofia ya paa au kwenye gebo (ule ukuta wa pembetatu mwisho wa paa) ili hewa ya moto ipande na kutoka. Ukipata nafasi ya kupaua upya weka foili chini ya bati, chagua rangi ya kupauka. Kule Gando, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi mwaka 2001 akalinyanyua bati juu kabisa ya silingi ya matofali, hewa inapita katikati, na wanafunzi wanakaa bila kiyoyozi kwenye nchi yenye joto kutushinda. Huyo huyo 2022 akapewa tuzo ya Pritzker ambayo ndo kubwa kwenye usanifu majengo. Na lile bati ni bati tu kama la kwetu, kilichobadilika ni mahali lilipokaa.

Sasa kama silingi iko sawa ila ukuta wa magharibi saa tatu usiku bado wa vuguvugu kama mtu mwenye homa, jua la jioni ndo linakumaliza. Ukuta wa bloku unachukua saa kadhaa kupitisha joto, kwa hiyo lile jua la saa kumi linakufikia kitandani ukiwa unataka kulala. Na chumba cha wazazi, yaani masta, mara nyingi ndo kimewekwa huko kwa sababu kwenye picha kilikuwa nyuma kulia.

Hapa niongee kidogo kuhusu jua maana watu wengi hawajawahi kuelezwa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6 jua la mchana linapita upande wa kaskazini, mwezi wa 12 linapita kusini kidogo, na mara zote mbili liko juu sana. Jua la juu ni rahisi kulizuia: paa likitokeza nje sentimita 60 tu, mchana wa mwezi wa 6 ukuta wa kaskazini unapata kivuli cha kama mita moja kutoka juu, na mwezi wa 12 ukuta wa kusini unapata kama mita mbili, yaani dirisha lote limefunikwa. Lakini peleka hizo hizo sentimita 60 ukuta wa magharibi saa kumi na nusu jioni uone, kivuli ni kama sentimita 30 na kidogo. Hakifiki hata kwenye kioo. Ndo maana kanuni ya zamani kabisa ya huku kwetu ni nyumba kulala mashariki-magharibi kwa urefu, kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na huku magharibi uweke stoo, choo, ngazi, jiko la nje, vitu ambavyo hata vikipata moto hakuna anayelala humo.

Ishajengwa tofauti? Ukuta wa magharibi hautibiki kwa kurefusha paa, unatibika kwa kitu kinachosimama mbele yake. Mti ni wa kwanza, panda mita kadhaa kutoka ukutani sio kwenye msingi. Kama huna subira weka fremu ya mabomba mbele ya dirisha upandishe mpesheni au bogenvilia. Kuna jamaa Kinyerezi alikuwa na viyoyozi viwili na bado analalamika, nikamwambia kabla ya kununua cha tatu tufunike ule ukuta kwanza, tukasimamisha tofali za matundu kama hatua moja kutoka dirishani, jua linagonga pale, hewa inapita. Siku hizi chumba kile anawasha feni tu, kiyoyozi mpaka wageni waje. Na pevingi iliyotandazwa mpaka chini ya dirisha ing'oe hata mita mbili uweke majani, maana ile nayo inarusha joto juu mchana kutwa.

Njia ya tatu ni hewa. Chukua udi, washa, weka katikati ya chumba jioni wakati nje kuna upepo, madirisha wazi. Moshi ukipanda wima ukabaki unazagaa juu, hewa haipiti. Fungua mlango wa chumba na dirisha la upande wa pili wa nyumba uone moshi unaelekea wapi, hapo ndo unajua njia ya hewa ilipozibwa. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya:

- Dirisha la aluminiamu la kusukuma. Zuri kwa macho ila siku zote nusu yake imefungwa, na ukiongeza nyavu iliyojaa vumbi unabakiwa na robo. Osha nyavu kwanza, ni bure. Ukibadilisha weka la kufunguka lote au la luva.
- Chumba kina madirisha ukuta mmoja tu. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Toboa juu ya mlango uweke matundu au kioo cha kufunguka.
- Ukuta wa uzio. Hili watu hawaliwazi kabisa! Fensi ya bloku mita mbili na nusu, nzima, iko hatua mbili kutoka dirishani, upepo unaruka juu yake na juu ya dirisha lako pia. Upande unaotoka upepo bomoa sehemu ya juu uweke tofali za matundu au grili.

Upepo unatoka wapi? Pwani yote inajulikana, kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi ikitoka kaskazini mashariki, kusi inaanza Aprili au Mei inakwenda mpaka Septemba, Oktoba, ikitoka kusini na kusini mashariki. Mabaharia waliendesha majahazi mpaka Oman na Ghuba na kurudi kwa huo upepo, sisi tunashindwa kuuingiza chumbani. Joto kali liko wakati wa kaskazi, kwa hiyo kama dirisha la kukuokoa ni moja tu, liwe la kuelekea kaskazini mashariki.

Na tusidanganyane kwamba ukiweka matao mawili na mlango wa nakshi basi umejenga Kiswahili. Nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zilipoa kwa sababu kuta ni za mawe na chokaa, nene kama nusu mita, vichochoro ni vyembamba mpaka nyumba moja inaitilia kivuli nyingine, na katikati kuna ua wa ndani ulio wazi juu unaovuta hewa. Hata upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, urefu wake ndo upana wa chumba. Tao ni pambo. Vile vile Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road, 1897, waliipanga mbele ya bahari na vibaraza vyenye kivuli, umeme wa kiyoyozi haukuwepo kwa hiyo ilibidi wafikirie.

DALILI: Rangi inabanduka, chumvi nyeupe, harufu ya ukungu

Angalia doa liko wapi na umbo lake. Mstari uliolala chini kuzunguka chumba, haujavuka mita moja hivi, una unga mweupe: unyevu unapanda kutoka ardhini. Doa la duara peke yake karibu na bafu au sinki: bomba. Doa la kona ya juu: paa, soma huko chini. Doa linalotokea ukuta mmoja tu wakati wa masika, hasa ule wa kusini au kusini mashariki: mvua inapigwa na upepo inaingia kwenye plasta, na nyumba haina paa la kutokeza kuulinda ukuta.

Ukiwa na mashaka kata kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, kiache siku mbili. Matone yakiwa ndani, upande uliogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa nje, upande wa chumba, ni jasho la hewa, chumba hakipumui, rudi kwenye mambo ya hewa huko juu.

Unyevu wa kupanda chanzo kinachojulikana ni fundi kuacha kuweka nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) na juu ya msingi. Sawa. Ila kuna kingine cha mtaani ambacho hakina kosa la fundi: nyumba ilijengwa ikiwa juu, miaka ikapita, jirani akajaza kifusi, barabara ikainuliwa, wewe mwenyewe ukamwaga pevingi mpaka ardhi ya nje ikalingana na sakafu au ikaipita. Ule mpaka wa kuzuia unyevu sasa uko chini ya udongo, haufanyi kazi tena. Toka nje upime. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu angalau sentimita 15. Haiko hivyo? Chimba ushushe kuzunguka nyumba, weka mtaro wa mawe wenye mteremko wa kupeleka maji mbali, alafu acha ukuta ukauke miezi kadhaa kabla ya kugusa putti. Mtu akikuuzia rangi ya kuzuia unyevu uipake ndani kabla ya hayo, unyevu utapanda tu juu zaidi utatokea pale rangi ilipoishia.

Wale wenye nyumba za zamani za mawe, Zanzibar, Bagamoyo, Pangani, Lamu: msipige plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ule ukuta unapumua, unameza maji na kuyatoa, saruji inayafungia maji ndani mpaka yanasukuma plasta ianguke na boriti zioze vichwa. Plasta ya chokaa kwa chokaa. Mafundi wake wapo bado, ni wachache na sio wa haraka.

DALILI: Maji yanaingia ndani kila mvua kubwa

Hapa utofautishe maji yanayokatiza na maji yanayojaa. Yanayokatiza yanakuja kwa kasi kutoka upande mmoja, yanaacha mchanga, yanaondoka. Yanayojaa yanapanda taratibu, yametulia, yanaacha tope laini na mstari ukutani, na yanaweza kukaa siku.

Yanayokatiza maana yake umekaa kwenye njia ya maji. Wakati wa kiangazi ile njia ilionekana kama kichochoro tu, dalali akakwambia kiwanja kizuri. Panda mtaa wa juu siku ya mvua, na mwamvuli, ufuate maji yanatoka wapi. Tiba ni kuyapa njia nyingine pembeni ya nyumba, mtaro wa zege wenye upana wa kweli, sio kuyazuia na fensi. Fensi ikizuia maji itaanguka, na ikianguka inaangukia kwa mtu. Ongea na majirani wa juu na wa chini kabla, maana ukiyasukuma tu kwa mwenzio mtaonana serikali ya mtaa.

Yanayojaa ni habari nyingine. Uko bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 Dar yalipojaza bonde la Msimbazi watu walipoteza maisha na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, na tangu hapo Jangwani imejaa tena na tena. Huwezi kushindana na mto kwa kuinua kizingiti cha mlango. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, watu wanaisoma kama usumbufu wa serikali, mimi naisoma kama mtu aliyeona mstari wa tope juu ya swichi ya taa. Ukiwa nje ya hizo mita lakini bado panajaa kwa kimo kidogo, unaweza kuhamisha soketi juu, kutumia vigae na plasta ya saruji chini badala ya gipsam na kabati za mbao za kushindiliwa, kuweka kifuniko cha kuzuia maji machafu yasirudi kupitia chooni. Vinakupunguzia hasara, basi.

Kabla ya kununua: angalia mimea. Matete, mafunjo, majani mabichi mwezi wa 9 wakati kote kumekauka, hapo maji yapo karibu. Muulize bibi anayeuza vitumbua jirani, sio dalali.

DALILI: Paa la kujificha linavuja

Hizi nyumba za kontemporari zenye ukuta uliopanda ukafunika bati, aisee. Sizichukii, zinapendeza, ila asili yake umbo lile ni la sehemu za mvua chache, na huku kwetu masika inamwaga kama imetumwa. Fanya hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako mita za mraba 150, ikinyesha milimita 50 umepata lita 7,500, na zote zinatakiwa zipite kwenye gata lililojificha lenye bomba mbili za inchi tatu, moja imezibwa na majani ya mwarobaini.

Linavuja wakati wa mvua kubwa tu, ndogo hamna: gata dogo au mabomba machache. Linaendelea kudondosha mvua ikishakata: maji yametuama juu, gata halina mteremko. Linavuja mvua ya upepo tu: pale bati linapokutana na ukuta hapajafunikwa vizuri, au ukuta wenyewe juu hauna kofia maji yanaingilia kichwani. Ya mwisho ndo rahisi, fundi bati mzuri anamaliza kwa siku. Ile ya kwanza ongeza mabomba, na lazima utoboe mdomo wa dharura kwenye ukuta, chini ya usawa wa bati, ili siku bomba likiziba maji yatokee nje yakuaibishe mbele ya wapita njia badala ya kukumwagikia kwenye kochi. Huo mdomo ni kitu cha bei ndogo sana na karibu nyumba zote ninazoitwa hazina.

Na kwa kuwa umbo hili halitokezi paa nje, kuta zote ziko uchi kwa jua na mvua. Angalau weka vibati au slabu ndogo juu ya kila dirisha.

DALILI: Nyufa, milango inagoma

Vijistari vyembamba vya kuzagaa kama ramani ya mito: plasta ilikauka haraka, achana navyo. Mstari uliolala chini ya lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) au chini ya paa: paa na ukuta vinatanuka tofauti kwa jua. Ufa wa kupanda kwa ngazi, unaofuata viungo vya tofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda kona: msingi unatembea. Huo ndo wa kuangalia.

Chora mstari kwa penseli kukatiza ufa, andika tarehe, pima upana kwa rula, rudia kila mwezi kupita masika na kiangazi. Na uangalie milango: mlango unaogoma masika alafu kiangazi unafunga vizuri ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka. Uko Kibaha, uko sehemu za Dodoma na Shinyanga, Nairobi upande wa Embakasi ndo kwao, ule mweusi wanaouita blak koton. Kiangazi unaonekana wenyewe, ardhi inapasuka mapengo ya kuingiza vidole.

Kwenye udongo huu adui ni mabadiliko ya unyevu, sio unyevu wenyewe. Kwa hiyo fanya kuzunguka msingi pasibadilike. Zege la mita moja upana kuzunguka nyumba nzima lenye mteremko wa kwenda nje. Gata na mabomba yapeleke maji mbali, sio yamwage kwenye kona, maana kona ile inavimba nyingine haijavimba, ukuta unapasuka katikati. Shimo la choo na karo liwe mbali na msingi. Mikaratusi iliyo karibu inanyonya maji kiangazi mpaka udongo unasinyaa, ila usiukate mkubwa ghafla pia, maji yanarudi udongo unainuka. Muulize injinia. Na ufa unaoendelea kukua mwezi hadi mwezi, unaoingiza sarafu, muite injinia wa kweli, sio fundi wa kuziba na putti.

Kwenye mteremko, Goba, Makongo, vilima vya Mwanza, chanzo kingine: walichonga upande mmoja wakajaza upande wa pili ili ramani ya kiwanja cha tambarare ikae. Nusu ya nyumba iko kwenye ardhi asilia, nusu kwenye kifusi kisichoshindiliwa. Ufa utapita hapo hapo mpakani. Ungekuwa hujajenga ningekwambia nyumba ilale kufuata mteremko na sakafu ishuke ngazi tatu nne, inapendeza na msingi haukuli hela. Kwa iliyojengwa, chunga maji ya juu yasiingie kwenye kifusi, na ukuta wa kuzuia udongo uwe na matundu ya kutolea maji. Ukuta usipokuwa nayo unabeba udongo na maji kwa pamoja, siku moja unaanguka.

Vidogo vidogo

Baridi ya Njombe, Mbeya, Iringa mwezi wa 6 na wa 7: kama chumba kiko kusini hakipati jua kabisa kipindi hicho. Hamishia kulala upande wa kaskazini, stoo iende kusini. Na usikope kibaraza kirefu cha Dar ukiweke kaskazini huko, unaliziba jua unalolihitaji. Makambako na Singida kuna upepo wa kweli, wameshapanga hadi mitambo ya umeme wa upepo huko, kwa hiyo kenchi (mbao zinazobeba paa) zifungwe kwenye mkanda wa zege kwa vyuma, sio misumari miwili.

Kutu, nyumba ziko karibu na bahari: zege likibanduka na nondo nyekundu inaonekana, chumvi imeingia. Mara nyingi mchanga ulitoka ufukweni au zege lililofunika nondo ni jembamba. Sehemu hiyo ichongwe mpaka nyuma ya nondo, isuguliwe, izibwe na mota nzuri. Kupaka plasta juu ya kutu ni kuficha tu, inaendelea kula.

Harufu ya choo inayokuja jioni fulani fulani: angalia bomba la hewa la septiki na upepo wa msimu huo. Refusha bomba lipite juu ya paa, sio liishie usawa wa dirisha la jikoni.

Hela ikiwa ndogo, mpangilio wangu ni huu: maji kwanza, yote, gata, mtaro, mteremko wa kuzunguka nyumba, maana maji ndo yanaleta nyufa na unyevu na harufu kwa pamoja. Kivuli cha magharibi kinafuata. Alafu matundu ya darini na ya juu ya milango, hayo fundi mmoja na msaidizi wake wanamaliza wikiendi. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na usipake masika.